Gari Lililovuja Siku za Alhamisi

Kwa miezi miwili gari la mpima ardhi lilikuwa likinywa maji, na hakuna aliyejua linayapeleka wapi.

Lilikuwa gari dogo la kijivu, lenye umri wa kutosha kuwa na wajukuu, na mwenyewe alilitunza kama yai. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alifungua boneti, akachungulia ile chupa ya plastiki inayoweka akiba ya maji ya rejeta, akayapima kwa rula. Ndiyo, rula. Kazi yake ilikuwa kupima viwanja na kuamua ugomvi wa mipaka, na mtu akishazoea kupima haachi hata akifika nyumbani. Mkewe alishawahi kumkuta anapima sabuni ya bafuni.

Rula ilimwambia hivi: siku nyingi maji hayapungui hata unywele. Halafu siku moja, bila sababu, yanashuka vidole viwili. Wiki nzima kimya. Halafu tena, vidole viwili. Akatandaza maboksi chini ya gari, akayakuta makavu. Akaangalia mafuta ya injini kama yamechanganyika na maji, akayakuta safi. Akalala kifudifudi kwenye maegesho ya ofisini kwao akimulika tochi chini ya injini, mpaka mkuu wake akaja kumuuliza kama ameanguka.

Alizunguka kwa mafundi watatu. Wa kwanza alibadilisha kizibo cha rejeta, akasema kwisha habari yake. Wa pili alibadilisha mipira yote ya maji, akasema sasa hapo ndipo penyewe. Wa tatu hakugusa kitu. Alitikisa kichwa kama mtu aliyefika msibani, akasema ni gasketi ya silinda, injini lazima ishuke. Mpima ardhi alimshukuru, akawasha gari, akaondoka kabla injini haijasikia.

Ndipo akaelekezwa kwa Masikio.

Masikio alikuwa mwanamke wa makamo mwenye gereji nyuma ya duka la mbao. Alivaa ovaroli la bluu na miwani iliyofungwa kwa uzi, na jina lake lilitokana na bisibisi moja ndefu aliyokuwa akiiweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, halafu anafumba macho kama mtu anayesikiliza umbea kupitia ukutani.

"Linavuja lini?" aliuliza.

"Hapo ndipo shida ilipo, fundi. Halivuji."

"Sasa umelileta la nini?"

"Linavuja, ila halivuji."

Masikio alimtazama juu ya miwani kwa muda. Kisha akachukua pampu ndogo ya mkono yenye saa ya kupimia presha, akaifunga kwenye mdomo wa rejeta, akapampu mpaka mshale ukapanda. "Kama kuna tundu, mshale utashuka," alisema. Wakavuta viti, wakakaa kuutazama mshale. Nusu saa nzima. Mshale ulisimama kama askari wa gwaride.

"Haya," alisema Masikio. "Gari linanificha kitu, au wewe unanificha kitu. Ndani je? Kapeti halilowi?"

"Kavu," alijibu mpima ardhi.

"Harufu? Kama ya kitu kitamu, kama sharubati iliyochacha?"

"Hakuna."

"Kioo cha mbele hakiingii ukungu?"

"Kabisa."

Alijibu haraka mno, na masikio yakamwiva. Alikuwa amedanganya mara tatu mfululizo, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kudanganya hata nusu mita. Lakini angefanyaje? Mambo yote matatu yalikuwepo, na yote matatu yalimhusu mama mkwe wake.

Kila Alhamisi asubuhi mpima ardhi alimpeleka mama mkwe kliniki kufanyishwa mazoezi ya magoti. Alikuwa mama wa kujiheshimu, mnene, mpole, anayekaa kiti cha mbele na mkoba mkubwa mapajani kama amebeba mtoto. Tangu amwoe binti yake, miaka kumi na mmoja, mpima ardhi hakuwahi kuzungumza naye zaidi ya salamu, hali ya hewa na "tumefika, mama". Si kwamba walichukiana. Waliheshimiana kupita kiasi. Ndani ya gari mle heshima ilijaa mpaka mtu anakosa pa kuweka kiwiko.

Alhamisi moja, alipomshusha, mpima ardhi aliona kapeti la upande wa mama limelowa. Aligusa kwa kidole. Maji ya uvuguvugu. Akakitoa kidole haraka, akatazama huku na huku, akafunga mlango taratibu kama aliyechungulia chumba kisicho chake. Mama ni mtu mzima, alijiambia. Umri una mambo yake. Siri hii nitakufa nayo.

Kesho yake alinunua taulo nene la kahawia, akalitandika miguuni pa kiti kile. Harufu tamu aliyoisikia kila Alhamisi aliamua kuwa ni mafuta ya mama ya kujipaka. Ukungu kwenye kioo, aliamua ni pumzi zake tu, maana mama alikuwa akihema kwa nguvu akishapanda. Na lile jasho lililomtiririka yeye mwenyewe miguuni na mgongoni, siku za baridi, aliamua ni woga wa ukwe. Alishusha kioo cha dirisha ili ukungu utoke, akaendesha huku anapigwa na upepo usoni na kuchemka magotini, na wala hakujiuliza.

Sasa mambo kama hayo mtu anayaelezaje gereji, mbele ya mafundi wengine wawili waliolala chini ya lori na masikio wazi?

"Sawa," Masikio alisema, akifungua pampu yake. "Chukua daftari. Wiki tatu. Kila safari andika siku, umekwenda wapi, mwendo gani, nani alipanda, na rula inasema nini. Gari likikataa kusema, daftari litasema."

Mpima ardhi alifurahi. Daftari lilikuwa lugha yake. Akachora mistari kwa kalamu nyekundu, safu tano, akajaza bila kuruka siku hata moja. Kwenye safu ya "nani alipanda" aliandika "peke yangu", "mke", "watoto". Alipofika Alhamisi mkono ukasita. Kumwandika mama mkwe kwenye daftari la gereji aliona ni utovu wa adabu. Akafikiri kidogo, akaandika: "mzigo".

Mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu. Jumamosi ya wiki ya tatu alilikuta daftari mezani, akalisoma wakati anamimina chai. Siku hizi alikuwa akimmiminia mumewe nusu kikombe tu, na mpima ardhi, mtu wa vipimo, alishaliona hilo, ila hakutaka kuanzisha jambo.

"Baba Watoto," alisema mke, "umeona linapungua lini?"

"Sijamaliza kuchambua."

"Hakuna cha kuchambua. Alhamisi, Alhamisi, Alhamisi. Siku nyingine zote, sufuri." Akafuata mstari kwa kidole. "Na kila Alhamisi umebeba mzigo. Mzigo gani huo wa kila..."

Kidole kikasimama. Birika likasimama. Mpima ardhi akainamia kikombe chake, akagundua kwamba nusu kikombe hakimfichi mtu.

"Mama yangu ndiye mzigo?"

"Nisikilize kwanza."

"Miaka kumi na mmoja! Kumbe moyoni unamwita mzigo!"

"Ni kwa heshima. Nilishindwa kumwandika jina."

"Heshima! Na unataka kuniambia nini hapa? Kwamba mama yangu akipanda gari, maji yanakwisha? Mama yangu anakunywa maji ya rejeta?"

"Sijasema hivyo. Ni daftari linasema."

Hapo maneno yalimtoka mpima ardhi kama yaliyokuwa yakingoja mlangoni. Alieleza kapeti, akaeleza harufu, akaeleza ukungu, na alipofika kwenye taulo akashusha sauti mpaka mkewe akalazimika kuinama kumsikia. Mke alimsikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulipita hasira, ukapita mshangao, ukasimama mahali mpima ardhi hakupajua.

"Kwa hiyo wewe," alisema polepole, "miezi miwili hii, unafikiri mama yangu..."

"Sikufikiri. Nilitandika taulo tu."

"Kesho kutwa tunakwenda kwa huyo fundi. Wote. Na mama."

"Jamani, mama tena wa nini?"

"Wewe si mtu wa vipimo? Tutapima."

Jumatatu asubuhi wakafika gereji watatu. Mama mkwe alikuwa amevaa kama anakwenda harusini, mkoba mkononi, kwa sababu binti yake alimwambia tu kwamba fundi anahitaji msaada wa familia. Masikio alisoma daftari akiwa amesimama. Alipofika kwenye neno "mzigo" aliinua macho, akamtazama mama, akamtazama mpima ardhi, akarudisha macho daftarini bila kusema kitu. Mpima ardhi alimshukuru kimoyomoyo.

Pampu ikafungwa, mshale ukapanda, ukatulia.

"Baba, ingia ukae," alisema Masikio.

Mpima ardhi akaingia akakaa kiti cha abiria. Mshale haukutikisika. Akatoka.

"Dada, ingia wewe."

Mke akaingia. Mshale kimya.

"Mama, shikamoo, samahani kwa usumbufu. Naomba na wewe ukae kidogo."

"Marahaba. Nikae tu? Gari haliendi?"

"Kaa tu, mama."

Mama akaingia, kwanza mwili, halafu mguu mmoja, halafu mguu wa pili, halafu mkoba. Gari likainama upande wake. Mlango ukafungwa. Wote wakautazama mshale.

Mshale ukashuka.

Haukushuka kwa kishindo. Ulishuka taratibu, bila haya, kama mtu anayeteremka ngazi za nyumbani kwake. Mafundi wawili wakatoka chini ya lori. Muuza mbao naye akaja na kipande chake cha ubao mkononi.

"Mtoe," alisema Masikio.

Mama akatoka. Wakapampu tena. Mshale ukatulia. Mama akaingia, mshale ukashuka.

"Ni uzito," alinong'ona fundi mmoja. "Gari likilalia upande, ufa unafunguka."

"Nani ana uzito?" aliuliza mama kutoka ndani. Kumbe dirisha lilikuwa wazi.

Ikabidi wajaribu, maana fundi aliyetoa hoja hakukubali kushindwa. Wakaingiza mafundi wote wawili pamoja kwenye kiti kile kimoja, mmoja kampakata mwenzake, na muuza mbao akaning'inia mlangoni. Gari liliinama kuliko lilivyowahi kuinama. Mshale, wapi.

Masikio alisimama akikuna kichwa kwa mpini wa bisibisi. Kisha akaenda akachuchumaa kando ya mlango, akamwambia mama kwa sauti ya chini, sauti ya wanawake wawili jikoni: "Mama yangu, ukishakaa, kitu cha kwanza huwa unafanya nini?"

Mama akamtazama mkwe wake. Akatazama mkoba. "Siwezi kusema mbele ya mkwe."

Kumbe kweli. Kumbe taulo lilikuwa sahihi, aliwaza mpima ardhi. Hakungoja kuambiwa; alikwenda mwenyewe nyuma ya lori, akasimama akitazama tairi kwa makini sana. Lakini gereji ilikuwa kimya, na lori halina ukuta.

"Mwanangu," alisikia mama anasema, "mimi nasikia baridi. Huyu baba ni mtu mzuri sana, hana neno, lakini anapenda upepo. Kutoka nyumbani mpaka kliniki ameshusha kioo, magoti yangu yanakuwa barafu. Nitamwambiaje mkwe wangu afunge dirisha la gari lake? Basi nikaona hiki kidude hapa, kina alama nyekundu. Nikikaa tu nakizungusha kwenye nyekundu, nimekifunika na mkoba asione. Joto linakuja miguuni. Nikifika, nakirudisha kwenye bluu, nateremka. Nimekosa, najua. Nimechezea gari la watu."

Halafu Masikio akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kabisa, kwenye mafuta, na miwani ikamshuka puani.

"Baba!" aliita. "Toka huko nyuma ya lori. Nimelipata tundu lako."

Akaeleza huku anafuta machozi kwa mkono wa ovaroli. Ndani ya dashibodi kuna rejeta nyingine, ndogo kama kitabu, ya hita. Maji ya moto ya injini hupita humo kuleta joto, na kuna koki inayoyazuia. Kidude kikiwa kwenye bluu, koki imefungwa, maji hayafiki huko, gari halivuji. Kikienda kwenye nyekundu, koki inafunguka, maji yanaingia kwenye ile rejeta ndogo iliyotoboka, yanachuruzikia kwenye kapeti. Ndiyo harufu tamu. Ndiyo mvuke kwenye kioo.

"Kioo kikiingia ukungu," aliendelea, akimwelekezea mpima ardhi bisibisi, "wewe unafungua dirisha. Ukifungua dirisha, mama anasikia baridi. Akisikia baridi, anaongeza nyekundu. Akiongeza nyekundu, ukungu unazidi. Miezi miwili mnapigana vita mmekaa kiti kwa kiti, na hakuna aliyesema neno!"

"Na jasho?" aliuliza mpima ardhi.

"Hita, baba. Unachomwa miguu."

Mke wake alikuwa ameegemea gari, mkono mdomoni. "Sasa mama," aliuliza, "miguu ikilowa wewe ulifikiri ni nini?"

Mama akahangaika na kifungo cha mkoba. Akakifungua, akakifunga. "Basi yaishe."

"Sema, mama."

"Nilidhani ni yeye."

"Yeye nani?"

"Si huyu mwenye gari. Namwona anatokwa jasho, anatetemeka, hasemi, anahema. Nikasema masikini, baba wa watu ana tatizo, anajikaza njia nzima. Na gari linainama upande wangu, kwa hiyo yanakuja kwangu." Akashusha pumzi. "Halafu siku moja nakuta ametandika taulo. Nikajua hapo sasa na yeye amekubali hali yake."

Muuza mbao aliangusha ubao wake.

"Kumbe ndiyo maana!" Mke alipiga kofi juu ya boneti. "Ndiyo maana uliniambia nimpunguzie chai!"

"Ningekwambiaje zaidi ya hapo? Ni mumeo."

Mpima ardhi alisimama katikati ya gereji, amezungukwa na watu wanaolia kwa kicheko, akahisi damu inampanda mpaka kwenye nywele. Alitaka ardhi ipasuke, immeze, na yeye alijua vipimo vyake. Alifungua mdomo ajitetee, akakumbuka kwamba yeye naye alimdhania mama vilevile, akaufunga. Akamtazama mama mkwe. Mama naye alikuwa anamtazama, na macho yake yalikuwa makali ghafla, macho ya mtu aliyepiga hesabu na kupata jibu.

"Na wewe," alisema mama, "hilo taulo ulilitandika kwa sababu gani?"

Hata kuku wa duka la mbao walitulia.

"Mama," alisema mpima ardhi, "nilidhani... nilidhani ni mvua."

"Mvua," alirudia mama. "Miezi hii miwili haijanyesha hata tone."

"Ndiyo, mama."

Mama alimkazia macho. Kisha bega lake moja likaanza kutikisika, likafuata la pili, na kicheko kikamtoka, kikubwa, cha tumboni, ambacho mkwe wake hakuwahi kukisikia kwa miaka yote kumi na mmoja. Alicheka mpaka gari zima likawa linacheza kwenye springi zake. Mpima ardhi alijaribu kubaki na uso wa adabu, akashindwa, akajikunja, akashika taa ya gari asianguke.

Kazi yenyewe haikuwa ndogo. Masikio aliling'oa dashibodi lote, akalipanga kwenye gunia, akatoa ile rejeta ndogo iliyoota kutu ya kijani kwenye kona. Siku mbili zikapita kabla hajarudisha kila kitu mahali pake. Zilibaki skrubu tatu zisizo na kwao. Alimkabidhi mpima ardhi mkononi, akamwambia asiulize. Kapeti likaanikwa juani. Taulo mama aliliomba, akasema ni zuri, litafaa jikoni.

Alhamisi ikafika. Mama akapanda, mkoba mapajani, akanyoosha mkono mchana kweupe, akazungusha kidude kwenye nyekundu. "Funga dirisha lako, baba," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na uende polepole kwenye kona. Huwa unakata kona kama umeiba kitu. Nimenyamaza muda mrefu."

"Ndiyo, mama."

Barabarani akamsimulia kuhusu marehemu mumewe, baba mkwe, jinsi alivyojifunza kuendesha ukubwani. Siku ya mtihani alipanda kwa kujiamini, akarekebisha vioo, akafunga mkanda, akamsalimia askari wa mtihani kwa heshima zote, akatia gia, akaondoka kinyumenyume mpaka ndani ya kibanda cha kunyolea nywele. Kinyozi alimaliza kumnyoa mteja wake kwanza ndipo akatoka kugomba. "Na yeye mzee," alisema mama, "akashuka, akaona keshafika, akanyolewa."

Mpima ardhi alicheka mpaka machozi yakamziba macho. Waliposhtuka, geti la kliniki lilikuwa limeshawapita, na la hospitali ya mifugo mbele yake pia. Ikabidi watafute mahali pa kugeuzia, na walifika wamechelewa dakika ishirini. Karani wa mapokezi, binti mdogo mwenye kalamu sikioni, aliwagombeza wote wawili bila kuwabagua. Walisimama mbele ya meza yake bega kwa bega, wameinamisha vichwa, na kila mmoja alijua kwamba akimtazama mwenzake tu, kicheko kitamponyoka.

Mama ndiye aliyetazama kwanza.